Kwa Jina Langu

Kwa miaka mitatu nimeandika karibu kila usiku, na sijawahi kuogopa ukurasa mtupu. Si unaijua ile kazi ya mtandaoni inayotulisha vijana wengi Nairobi? Mwanafunzi wa Uingereza au Marekani anaagiza insha, mimi naiandika chumbani kwangu Kangemi, yeye anaitia jina lake na kuiwasilisha. Nimeandika kuhusu uuguzi na sijawahi kufunga hata kidonda. Nimeandika kuhusu Kant, ilhali chuo niliacha mwaka wa pili. Maneno 2,000 kabla ya alfajiri. Stima ikipotea, namalizia kwa simu.

Kwenye kompyuta hiyo hiyo kuna faili ya kitabu changu. Ina kichwa, jina langu, na sentensi moja ambayo nimeiandika na kuifuta hadi nimechoka kuhesabu.

Nikiulizwa kitabu kimefika wapi, husema bado natafuta ujasiri. Ni jibu zuri, watu hulipokea kwa huruma. Lakini si kweli. Mtu asiyejiamini hawezi kumfafanulia Kant mtu asiyemjua saa nane usiku. Ujasiri ninao. Nisichotaka ni kuulizwa. Insha ya mteja ikiwa mbaya, aibu ni yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nimebeba usufi miaka mitatu nikijiita mwandishi.

Jumamosi moja nilikuwa tao, kwenye zile duka za vitabu za kando ya barabara tunazoziita "inama", kwa sababu lazima uiname ndio uchague. Nikaokota nakala iliyochakaa ya My Life in Crime. John Kiriamiti alifungwa kwa wizi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu hicho alikiandika akiwa gerezani. Kilitoka mwaka 1984 na bado kinauzwa. Ndani yake mhusika anajiita Jack Zollo, lakini juu ya jalada kuna Kiriamiti. Mtu aliyeishi kwa kujificha, ilipofika saa ya kusimulia, aliweka jina ambalo majirani wa kwao wangelitambua.

Simsifii wizi wake. Ila kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuficha jina, ni yeye. Mimi naficha nini? Kwamba huenda sentensi zangu ni za kawaida? Hilo si kosa la jinai.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema woga wangu ni adabu. Msomaji atatoa pesa ambazo zingekuwa nauli, atatoa na jioni yake, kwa hivyo usimpe kitu kibichi. Hapo ana haki. Lakini hiyo ni hoja ya kuchelewa kuchapisha, wala si ya kutoandika. Ukurasa wa kwanza haumdai mtu nauli. Hakuna atakayeuona. Adabu kwa msomaji inaanza pale ninapotaka kumwonyesha, na sina cha kumwonyesha.

Kuna jambo lingine gumu kulisema. Nimezoea kujiambia kwamba nauza jasho tu, na udanganyifu ni wa mteja. Sasa naona kwamba na mimi nilikuwa nikinunua kitu kwake. Yeye alipata alama, mimi nikapata mahali pa kujificha. Tulidanganya pamoja, yeye akimdanganya mwalimu, mimi nikijidanganya mwenyewe.

Sitajifanya nimeacha. Landlodi hapokei aya. Lakini Jumanne iliyopita nilikataa oda moja, ya kwanza tangu nianze. Niliandika kurasa mbili kuhusu ile siku nilipomwambia baba kwamba sirudi chuo, na jinsi alivyoendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Nilizisoma asubuhi. Kuna sehemu zinajikokota, na baba pale hajawa baba bado.

Sikuzifuta. Kodi ya mwezi huu imepungua kiasi cha oda hiyo moja, na leo usiku kuna nyingine inanisubiri. Nitaanza na ukurasa wa tatu.