Ziara na Ushahidi: Fikira juu ya Jina la Mazar-i-Sharif

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nne ya Rwanda mwaka 2017, sisi tunaofundisha lugha hii katika mtaa wa Niboye, wilayani Kicukiro, mjini Kigali, tumepata wanafunzi wa kila namna: vijana wanaotafuta kazi, wafanyabiashara wanaofuata mali Dar es Salaam na Mombasa, na watu wazima wanaojifunza kwa kupenda tu. Darasa la watu wazima lina faida yake. Mtoto akifundishwa neno hulipokea. Mtu mzima hulipima kwanza kwa maisha yake. Jambo tunalokusudia kulijadili katika makala haya lilizaliwa katika darasa la namna hiyo, nalo lilitokana na neno moja fupi: kuzuru.

Mwanafunzi mmoja alitaka kujua tofauti kati ya kutembelea na kuzuru. Tulimweleza kwamba mtu humtembelea rafiki, jirani au mgonjwa, lakini kuzuru ni neno lenye uzito zaidi, na aghalabu hutumika kwa kwenda penye kaburi au mahali patukufu. Tukatoa mfano wa Lamu, ambako wakati wa Maulidi watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha. Kisha, ili kuonyesha jinsi neno hili lilivyosafiri mbali, tukautaja mji wa Mazar-i-Sharif ulioko kaskazini mwa Afghanistan.

Jina la mji huo si geni kwa msemaji wa Kiswahili, ingawa mwanzoni hudhani ni geni. Mazar ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali panapozuriwa, nalo latokana na shina lile lile lililotupa zuru na ziara. Sharif ni sharifu wetu, yaani mtukufu, mwenye nasaba ya heshima. Ile irabu i iliyo katikati ni kiungo cha Kiajemi kinachofunga jina na sifa yake, kama vile viambishi vyetu vya upatanisho vinavyofanya. Kwa hiyo jina zima ni kama kusema: mahali patukufu pa kuzuriwa. Mji mzima umepewa jina la tendo la watu wanaoujia.

Lakini ni nani anayezuriwa huko? Wenyeji wa mji huo husema ni Ali bin Abi Talib, mkwewe Mtume na khalifa wa nne. Wanahistoria walio wengi, pamoja na Waislamu walio wengi, husema kwamba Ali aliuawa Kufa mwaka 661, na kaburi lake liko Najaf, katika nchi ya Iraki. Kati ya Najaf na Mazar-i-Sharif pana zaidi ya kilomita 2,000. Masimulizi ya wenyeji yanaujaza umbali huo kwa kusema kwamba wafuasi wa Ali walichelea maadui wasije wakaunajisi mwili wake, wakaupakia juu ya ngamia jike mweupe, na ngamia akaenda mpaka akaanguka. Hapo alipoanguka ndipo alipozikwa.

Habari za kaburi hilo zilianza kuvuma katika karne ya 12, zama za Sultani Sanjar wa Waseljuki. Mahali penyewe palikuwa kijiji karibu na mji mkubwa wa Balkh, nacho kiliitwa Khayr, ndiyo kheri yetu. Msafiri mmoja wa Granada, Abu Hamid al-Gharnati, aliandika kwamba watu wengi wa kijiji hicho waliota ndoto moja, wakaambiwa kwamba Ali amezikwa kwao. Mwanachuoni mmoja akakataa, akauliza Ali aliyeuawa Kufa angefikaje Balkh. Usiku ule naye akaota, na katika ndoto akapigwa sana kwa ukaidi wake. Asubuhi akaja akilia na kuonyesha alama za kipigo. Kaburi likafunguliwa, wakasema wameukuta mwili, na kuba likajengwa. Katika karne ya 13 majeshi ya Chinggis Khan yaliibomoa nchi ile, na kaburi likasahauliwa. Likavumbuliwa mara ya pili kati ya mwaka 1480 na 1481, wakati wa Sultani Husayn Bayqara, likajengewa upya. Polepole mji ukakua kulizunguka, hata katika karne ya 19 makao ya serikali ya jimbo yakahamishwa kutoka Balkh na kuletwa hapo. Balkh, iliyokuwa ikiitwa mama wa miji, ikabaki magofu na mji mdogo. Kile kijiji cha Kheri kikawa mji mkuu wa jimbo, wenye kuta za vigae vya buluu na makundi ya njiwa weupe, ambao wenyeji husema kwamba njiwa wa kijivu akikaa nao siku 40 hugeuka mweupe.

Tulipofika hapo, kijana mmoja akauliza swali lililokuwa lazima liulizwe: “Mwalimu, kama mwenyewe hayumo, wale watu wanamzuru nani?” Darasa likacheka. Ndipo mama mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akasema: “Msicheke. Mimi kila mwezi wa Aprili huenda pale Nyanza. Mume wangu sijui kama yumo.” Hakuna aliyecheka tena.

Wasomaji walio nje ya Rwanda yafaa tuwaeleze. Nyanza anayoitaja mama huyu si ile Nyanza ya kusini iliyokuwa makao ya wafalme, bali ni kilima kilichomo katika wilaya yetu ya Kicukiro. Katika siku za kwanza za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, kwa sababu askari wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walipiga kambi hapo. Tarehe 11 Aprili askari hao walifunga mizigo yao wakaondoka. Wale waliobaki walitolewa na askari wa serikali na wanamgambo wa Interahamwe, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, na huko wakauawa. Waliookoka ni wachache. Leo pana makaburi ya kumbukumbu, na kila mwaka ifikapo tarehe hiyo watu hupanda kilima wakakesha.

Basi swali la kijana halikuwa tena swali la Afghanistan. Lilikuwa hili: Je, heshima ya mahali hutokana na ukweli wa kile kilichozikwa hapo, au hutokana na uaminifu wa wale wanaopazuru?

Jibu la kwanza ni rahisi kulitetea. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mazar-i-Sharif ni mfano ulio bora wa methali hii. Hata kama kaburi halikuwapo, mji ulikuja. Watu waliota, wakasema, wakajenga, wakaomba, na kwa karne nyingi wakalisha maskini na njiwa mlangoni pa kuba. Upendo wao kwa yule wanayemkusudia si wa uongo, hata kama anuani waliyoandika juu ya barua si sahihi. Nasi hatuna haki ya kuwacheka. Aliyesafiri siku kumi kwa miguu ili ampe mtu salamu za heshima, heshima ameitoa. Na heshima ni tendo la mtoaji kabla haijawa mali ya mpokeaji.

Hata hivyo, jibu hili haliwezi kupandishwa kilima cha Nyanza. Likipandishwa huko, huleta madhara makubwa. Ikiwa mahali hupata heshima kwa ziara tu, na ukweli wa kilichotendeka hapo si kitu, basi anayekanusha mauaji ya kimbari atatuambia: “Vizuri, ninyi endeleeni na desturi yenu ya Aprili, kila watu wana masimulizi yao.” Hatabomoa hata jiwe moja la kumbukumbu. Atafanya jambo baya zaidi, yaani atalifanya kuwa desturi tu.

Tumesaidiwa na jina la mji mwingine, jirani wa ule wa kwanza. Upande wa magharibi, katika Iran, upo mji wa Mashhad. Huko alifariki Imamu Ali al-Rida mwaka 818, akazikwa karibu na kaburi la khalifa Harun al-Rashid, na wafuasi wake wakashika kwamba aliuawa kwa sumu. Mashhad ni mahali pa shahidi. Shina lake ndilo lililotupa shahidi, ushahidi, shahada na kushuhudia. Sisi walimu twajua kwamba katika Kiswahili neno shahidi lina maana mbili: aliyekufa kwa ajili ya haki, na aliyeona akasema. Wanafunzi hudhani maana hizi zimekutana kwa bahati tu. Sivyo. Aliyeuawa ana neno la kusema juu ya kifo chake, lakini kinywa hana. Kwa hiyo ushahidi wake huangukia juu ya aliye hai.

Kwa hiyo twaona kwamba kuna mahali pa aina mbili. Mazar hudai ziara, na ziara ni deni la moyo. Mashhad hudai ushahidi, na ushahidi ni deni la ulimi. Deni la kwanza laweza kulipwa hata pale ambapo mifupa ina shaka, kwa sababu mzuru hamshitaki mtu. La pili haliwezi, maana ushahidi huhusu tendo na mtendaji, na penye tendo la dhuluma lazima ijulikane nani alitendewa, wapi, na nani alijua akanyamaza. Mahali pamoja paweza kuwa na madeni yote mawili. Mazar-i-Sharif yenyewe haikusalimika. Tarehe 8 Agosti 1998 wapiganaji wa Taliban waliuteka mji huo, na katika siku zilizofuata waliwaua watu wengi sana, hasa wa kabila la Wahazara, nyumba kwa nyumba. Mji uliojengwa juu ya kaburi la mtu mmoja mwenye shaka ukawa na wafu wake wenyewe wasio na shaka, na hao hawatoshelezwi na ziara.

Sasa turudi kwa mama yetu. Baada ya darasa, mwenzetu mmoja mwenye huruma alituambia: “Kwa nini hatukumwambia tu kwamba yumo? Nani atadhurika?” Tulikiri kwamba maneno hayo yalikuwa yametufika ulimini sote. Lakini tulipoyapima tuliona kwamba yupo atakayedhurika, na yupo atakayefaidi. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, mashimo ya maiti yaligunduliwa Kabuga, kandokando ya Kigali, mengine chini ya nyumba ambamo watu walikuwa wakiishi. Mei 2019 miili iliyofukuliwa, zaidi ya 84,000, ilizikwa kwa heshima pale pale Nyanza. Katika miaka yote hiyo 24 walikuwapo watu waliojua. Vikao vya gacaca vilianza na kumalizika mwaka 2012, na baadhi yao hawakufungua kinywa. Tukimwambia mama kwamba mumewe yumo, naye akaamini, ataacha kuuliza. Na akiacha kuuliza, yule anayelijua shimo jingine atakuwa amesamehewa deni ambalo hakulilipa. Faraja yetu ingekuwa zawadi kwa mnyamavu.

Je, ina maana kwamba ziara yake ni bure? La. Yeye hajidanganyi kama yule aliyeota. Anakwenda akijua kwamba hajui, na anasema wazi kwamba hajui. Anapowazuru wale waliomo, anawaheshimu waume na wana wa wengine, ambao nao pengine hawana wa kuwazuru. Na huenda mahali pengine, asipopajua, mtu mwingine anamsimamia wake. Anapokiri kwamba hajui, anatoa ushahidi kwamba hesabu haijafungwa. Amelipa deni la moyo bila kulifuta deni la ulimi. Twaona hili ni gumu kuliko imani ya wale wa kijiji cha Kheri, na ni gumu pia kuliko dhihaka ya wale wanaowacheka.

Kwa sisi walimu, somo ni hili: tufundishapo kuzuru tusiliache pweke; tulifundishe pamoja na kushuhudia, na wanafunzi wajue lini neno moja latosha na lini halitoshi bila jingine. Wiki iliyofuata tuliwapa wanafunzi zoezi la kutunga sentensi kwa maneno hayo mawili. Mama aliandika polepole, akasoma bila kuinua macho: “Nitazuru Nyanza mpaka atokee wa kushuhudia.” Tuliitazama sentensi hiyo kwa makini. Sarufi yake ilikuwa sahihi, wala hatukuwa na la kusahihisha.