Chapati, Mayai na Kivuko cha Yordani



Likizo iliyopita, baada ya Misa hapa Ifakara, tulikwenda vijana kama sita kwa mama anayeuza chapati. Kati yetu alikuwemo mgeni, Mhaya aliyekulia Kampala. Akaagiza: "Mama, naomba rolex." Nikamwahi: "Ndugu yangu, saa nenda kwa fundi saa!" Tukacheka, mbavu hatuna. Yeye akatabasamu kidogo, akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani.

Kumbe rolex ya Uganda ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga ndani yake. Jina limetokana na Kiingereza cha haraka haraka, rolled eggs. Sisi tunasema chapati mayai. Zanzibar, pale Forodhani, unga mwembamba ukijazwa nyama ya kusaga na yai, ukakunjwa, unaitwa pizza. Ndugu yake wa Mombasa anaitwa mkate wa mayai. Dar es Salaam nako chipsi mayai ni zege, na hakuna anayejenga nyumba!

Aristotle alifundisha kwamba maneno ya watu hutofautiana, vitu ni vile vile. Mtihani huo wa falsafa nilifaulu. Kwa mama chapati nikafeli.

Soma Waamuzi 12. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Mwefraimu aliyeshindwa kutamka "Shibolethi", akasema "Sibolethi", aliuawa. Walikufa watu 42,000. Sisi tunajua kivuko: kabla ya daraja la Mto Kilombero, safari ya Mahenge ilitegemea hicho. Aliyeshika kivuko ameshika safari ya mwenzake. Na sisi wenyeji wa kwaya na VIWAWA, jamani, tumeshika kivuko. Kicheko tu kinatosha kumrudisha mtu ng'ambo.

Jumanne nilimfuata kwake, nikaomba msamaha. Akasema, "Frateri, sikukasirika. Nilijiona tu kwamba mimi si wa hapa." Afadhali angenitukana.

Petro alitambuliwa kwa lafudhi yake ya Galilaya, na Bwana wetu alikulia huko huko. Leo, tunapopokea Mkate mmoja, Mndamba, Mpogoro, Msukuma na Mhaya tunajibu neno ambalo sote tumeliazima kwa Waebrania: Amina.

Wiki hii mtafute mmoja uliyemcheka. Mkale pamoja, na yeye ndiye aagize kwa jina analolijua.

Ee Yesu, utuondolee kicheko kinachofunga mlango. Amina.