Aliyeanguka Aweza Kuumaliza Mwendo



Barabara itokayo Karatu kwenda lango la Ngorongoro yapanda vilima. Alfajiri, baridi ingali kali, vijana huonekana humo wakikimbia, kwani nchi ile imezaa wakimbiaji. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16.

Lakini huko nako, kama katika nchi yetu nzima, yuko baba auzaye gunia la mahindi akarudi nyumbani mikono mitupu. Yuko mama anywaye gongo kwa siri apate kusahau. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba mwaka 2017, ikafanya vema. Hata hivyo, huzuni iliyomfanya mtu anunue kiroba haikupigwa marufuku.

Twaitaja huzuni kwa makusudi. Mara nyingi twamwona mlevi, wala hatuioni sonona iliyomlemea: usingizi umepotea, chakula hakina ladha, naye ajiona mzigo kwa jamaa zake. Pombe humtuliza jioni. Asubuhi humrudishia huzuni ile ile pamoja na riba. Kumwambia mtu huyo ajikaze tu hakumfai. Naye akijitukana usiku kucha, aibu hiyo hiyo itampeleka kilabuni kesho.

Tumtazame nabii Eliya. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasimulia jinsi alivyokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae roho yake. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamtuma malaika amletee mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo alipomtia katika safari ya siku 40. Basi huruma ilitangulia, mwendo ukafuata.

Kwa hiyo atakaye kuacha pombe na aanze kwa kujihurumia kama Mungu anavyomhurumia. Kujihurumia si kujidekeza. Ajidekezaye husema, “Ndivyo nilivyo, niacheni.” Ajihurumiaye husema, “Mimi ni mgonjwa. Nahitaji chakula, usingizi na tiba.” Bwana wetu alipotuamuru kumpenda jirani, aliweka pendo la nafsi kuwa kipimo. Ajichukiaye atampimia mwenziwe nini?

Kisha uje mwendo. Madaktari wakubali ya kwamba kukimbia, au kutembea kwa bidii mara kwa mara, huwapunguzia wengi sonona, huleta usingizi, na hujaza saa zilizokuwa za kilabu. Leo tembea hadi mti ule. Kesho uupite kidogo. Ukikosa siku moja, usiseme yote yamepotea. Ianze siku ya pili. Lakini angalia: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake, maana aweza kutetemeka, hata kushikwa na degedege. Aende hospitali kwanza. Na awazaye kujiua asilale na wazo hilo; amwambie mtu leo, apelekwe kwa daktari.

Wala mtu asidhani mwendo ni wa washindi tu. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, jirani ya Karatu, alianguka katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, akaumia vibaya goti. Wengine waliacha njiani. Yeye alifungwa bendeji akaendelea, akawasili usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Ulimwengu wamkumbuka hata leo.

Tena yuko Matt Talbot, kibarua wa Dublin, aliyezoea ulevi tangu utoto. Mwaka 1884 aliapa kuacha pombe kwa miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilipokwisha, akaongeza mingine, kisha maisha yote. Alikufa mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa, baada ya miaka 41 bila kuonja kileo. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kuheshimiwa. Naye alianza kwa hatua aliyoiweza.

Nanyi wazazi, wake na waume, msimpe mlevi fedha ya pombe, wala msimfungie mlango wa moyo. Mwandalieni uji, kama malaika alivyomwandalia Eliya. Enyi wanajumuiya, juma hili nendeni kwenye nyumba moja yenye mtu wa namna hiyo. Msimhutubie, bali mwalikeni mtembee naye kwa miguu hadi kanisani na kurudi. Juma lijalo mrudi tena, hata kama mtamkuta amekunywa.

Mungu aliyemlisha nabii wake jangwani awape nguvu wote waliochoka, nasi atupe subira ya kwenda nao. Amina.