Namba Moja ya Nani?

Sheria zilikuwa rahisi. Kila mtu aje na filamu tano za Ousmane Sembène, amezipanga kutoka ya kwanza hadi ya tano, na asikubali kuyumbishwa bila hoja. Atakayeshindwa anunulie wote chapo. Tulikuwa wanne kwenye bedsita yangu Rongai, Jumamosi usiku, projekta ya kuazima juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka jeupe ukutani. Wa tano alikuwa dada yangu, mtoto wa shangazi, ambaye hakuwa kwenye mchezo. Alikuwa analala kwangu wiki hiyo akifuatilia karatasi zake mjini. Alikaa kitandani na sinia mapajani, anachambua maharagwe.

Mchezo wenyewe ulikuwa mtamu, na sitaki mtu afikiri naandika haya ili kuukataa.

Kwa ambaye hajakutana na huyu mzee: Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Shule aliiacha mapema. Akawa mvuvi, mwashi, makanika, kisha kuli bandarini Marseille, Ufaransa. Huko ndiko alikoanza kuandika riwaya. Halafu akagundua kitu ambacho waandishi wengi hukiona na kukinyamazia: watu aliokuwa akiwaandikia hawangeweza kumsoma. Akaenda Moscow kusomea sinema akikaribia miaka 40. Sinema aliiita shule ya jioni. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, kwa hivyo nakiri kwamba nilimpenda kabla sijaona filamu yake hata moja.

Orodha zikaanza. Rafiki yangu anayesomea sheria aliweka Xala ya 1975 juu kabisa. Mfanyabiashara anaoa mke wa tatu, usiku wa harusi mwili unamkataa, na mwishoni ombaomba aliowadhulumu wanamtemea mate mmoja baada ya mwingine. "Nionyeshe filamu nyingine inayowaeleza hawa viongozi wetu hivi," akasema. Wa pili, mpiga picha za harusi, akaja na Moolaadé ya 2004: mama mmoja anayefunga kamba mlangoni ili kuwakinga wasichana waliokimbia kukeketwa, na kijiji kizima kinaiogopa ile kamba. Wa tatu akasimama na Camp de Thiaroye ya 1988, kuhusu wanajeshi Waafrika waliopigania Ufaransa kisha wakauawa na Ufaransa hiyohiyo karibu na Dakar tarehe 1 Desemba 1944, kwa sababu walidai mshahara wao. Alisema babu yake alipelekwa Burma na Waingereza, na kwamba hiyo inatosha kuwa hoja.

Namba moja yangu ilikuwa La Noire de…, ya 1966.

Sikuwa peke yangu. Kila baada ya miaka 10 jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wakosoaji wa dunia ni filamu gani bora kuliko zote. Mwaka 2022 walipiga kura zaidi ya watu 1,600, na La Noire de… ikaingia kwenye mia ya kwanza, nafasi ya 95, ikigawana na nyingine. Filamu ya Sembène iliyopata hivyo ni hiyo tu. Mimi mwenyewe nilimjua kupitia orodha kama hizo, nikiwa chuoni, nikiiba intaneti ya maktaba badala ya kwenda lekcha. Kwa hivyo nilijiona nina dunia nyuma yangu.

Tukaiweka. Ni kama saa moja tu. Diouana, msichana wa Dakar, anakaa kando ya barabara na wenzake wakisubiri kuchaguliwa kazi. Madamu Mzungu anamchagua yeye kwa sababu hakumkimbilia. Baadaye anaitwa Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Anajikuta anapika, anafua, anasugua, na Ufaransa yake yote ni jikoni, bafu na chumba cha kulala. Mgeni anambusu mezani kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Barua inakuja kutoka kwa mama yake, na kwa kuwa Diouana hajui kusoma, bwana mwenye nyumba anamsomea, halafu anaanza kumwandikia jibu. Anamwandikia maneno ambayo yeye hajasema. Diouana anaichana barua. Mwishoni anajiua ndani ya bafu la wale watu.

Taa ikawashwa na nikaanza. Nikaeleza ule weupe wa kuta unavyombana. Nikaeleza jinsi kamera isivyomfuata mtu bafuni ila inatuonyesha tu akiwa ameshatulia, bila muziki wa kutuliza. Nikasema kifo kile ndicho kinachoifanya filamu iwe kubwa, kwamba bila bafu lile ingekuwa hadithi ya kawaida ya mfanyakazi aliyeonewa. Wakili wetu akapinga: kifo ni njia rahisi ya mwandishi kumaliza. Tukabishana dakika 20 kuhusu yule msichana kama alipaswa kufa. Mmoja akasema kwa ile risasi ya mwisho, anampa tisa kwa kumi.

"Na mimi mngenipa ngapi?"

Dada alisema hivyo bila kuinua macho kwenye maharagwe.

Wenzangu hawakujua. Mimi nilijua, na ndiyo maana aibu ilikuwa yangu. Alirudi kutoka Saudia mwaka juzi baada ya miaka miwili ya kazi za nyumba. Pasipoti yake ilikaa kabatini kwa mwenye nyumba. Simu alipewa Ijumaa, kwa dakika chache, na mtu amesimama karibu. Nyumbani tulikuwa tunapokea ujumbe mfupi kuwa yuko salama, na baadaye akatuambia mara nyingine si yeye aliyeuandika. Nilikuwa nimeiona filamu hii mara nne. Barua ile ya Diouana nilikuwa naisifu kama wazo zuri la mwongozaji. Sikuwahi kukumbuka simu ya dada.

Hakuna aliyejibu. Alibeba maharagwe akaenda kuyaosha. Chapo zililiwa kimya.

Swali likanikaa kwa wiki kadhaa: kwani kupanga namba ni kosa? Jibu la haraka ni ndiyo, na nina sababu zangu za kulipenda jibu hilo. Nilisoma shule ambayo baada ya kila mtihani walibandika karatasi ukutani, majina yote, wa kwanza hadi wa mwisho. Unasimama mbele yake na wenzako, unatafuta jina lako kuanzia juu, na shingo inazidi kuinama. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuacha kupanga shule na watahiniwa wa mitihani ya kitaifa kwa namba, na walimu wetu wakaendelea na karatasi yao. Karatasi ile haikuwa inadanganya. Niliyezidiwa alama alikuwa kweli amenizidi. Lakini haikuwa na mahali pa kuandika kwamba yule wa 51 alikuwa anaamka saa tisa usiku kukamua ng'ombe wa watu.

Hata hivyo siamini jibu hilo la haraka. Mtu anayesema "filamu zote ni nzuri kwa njia yake" mara nyingi hajaziona. Kupanga kunakulazimisha kuangalia. Bila ubishi wa Jumamosi ile nisingejua kwa nini naipenda Xala kuliko Guelwaar. Na bila orodha, kijana wa Rongai asingemfikia mzee wa Ziguinchor. Orodha imenifanyia mema. Siwezi kuitukana leo kwa sababu imeniaibisha.

Kwa hivyo nilimwuliza mwenyewe. Alikuwa amerudi tena kwa karatasi zilezile, na nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Akanikatiza. Alisema filamu haikumkera hata kidogo, ni ya kweli. "Lakini hiyo si yangu," akasema. "Hiyo ni ya yule madamu. Yeye ndiye hajui. Mimi nilishajua."

Nimefikiria maneno hayo kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. La Noire de… hata jina lake limekatwa katikati: Mweusi wa… Wa nani? Sembène aliitoa katika habari fupi ya gazeti la kule kusini mwa Ufaransa, habari ya msichana mweusi aliyekutwa amejiua. Wasomaji walipita wakageuza ukurasa. Yeye akaurudisha ukurasa, akawashika kichwa, akawaambia angalieni. Bwana yule anapopeleka sanduku la Diouana Dakar na kutoa pesa, mama anazikataa, na mtoto mdogo anamfuata njia nzima amevaa kinyago. Anayefukuzwa pale ni yeye, pamoja na wote wanaofanana naye waliokaa kwenye viti vya sinema. Filamu ilikuwa na wa kuambiwa, na imewaambia vizuri mno. Si ajabu kwamba ndiyo waliyoichagua.

Nikamwekea Faat Kiné ya 2001. Kwenye orodha zetu nne haikuwepo hata moja. Ukisoma wakosoaji, malalamiko yanafanana: maneno mengi, watu wanasimama na kuhutubiana kama jukwaani, kamera imetulia kama imechoka. Sikatai. Kiné anaendesha kituo cha petroli Dakar. Akiwa shuleni, karibu na mtihani wa mwisho, mwalimu alimpa mimba, na aliyefukuzwa ni yeye. Baba yake alitaka kumchoma moto, mama akamkinga kwa mwili wake na mgongo ukaungua. Miaka 20 baadaye Kiné ana nyumba, ana gari, ana watoto wawili wa baba wawili tofauti, na wote wawili wamefaulu mtihani ule ambao yeye hakuruhusiwa kuufanya. Wale wanaume wanarudi kwenye sherehe, wanataka heshima ya ubaba. Mtoto wa kiume anawajibu mbele ya wageni.

Dada alicheka hadi jirani akagonga ukuta. Aliniambia nirudishe sehemu moja aiangalie tena. Aliangalia vizuri jinsi anavyokaa ofisini. Aliuliza kile kituo ni chake au ameajiriwa. Ilipoisha akasema, "Hii ndiyo namba moja," na kwa sauti yake nikaona hataki mjadala.

Nilijaribu mjadala hata hivyo, kwa sababu mimi ni mimi. Nikamwambia La Noire de… imetengenezwa vizuri zaidi. Akakubali mara moja! Akasema suti ya maiti pia huwa imeshonwa vizuri.

Sasa sitaki kumgeuza dada yangu kuwa hoja, kwa sababu huko ni kumwandikia barua. Nasema yangu. Mimi bado naiweka La Noire de… kwanza. Wakili ananiita mwoga, kwamba nimeguswa na bado sijabadilika. Lakini nikiihamisha kwa ajili ya huruma, nitakuwa nimedanganya kuhusu nilichokiona kwenye shuka. Kilichobadilika ni kwamba siamini tena kuwa namba yangu inajibu swali zaidi ya moja. Nilijibu: ipi imetengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi? Dada alijibu: ipi imenikuta mimi? Na wale zaidi ya 1,600 nao walikuwa na swali lao, ambalo hawakuliandika juu ya orodha. Nimelisoma chini chini, na linanisumbua. Katika filamu zote za mzee huyu, iliyopanda hadi mia ya dunia ni ile ambayo mwanamke wetu amekufa bafuni. Yule mwenye kituo cha petroli, aliyeunguziwa mama na bado akasomesha watoto wawili, wanasema anaongea sana. Sisemi ni njama. Nasema mtu huona ukubwa kwa urahisi zaidi pale anapolaumiwa kuliko pale asipohitajika.

Nadhani dhambi yetu Jumamosi ile haikuwa namba. Tulisahau kwamba kitu tunachokipima kinaweza kuwa kimekaa kitandani kinachambua maharagwe. Hoja zote tulizotoa tungeweza kuzitoa, ila kwa kumwangalia. Ukishindwa kusema "tisa kwa kumi" huku unamwangalia mtu yaliyomkuta, basi kuna kitu umekipima ambacho hukupewa ukipime. Mimi sasa najaribu hivyo. Kabla ya kutoa namba nauliza ni nani yuko chumbani, kisha naitoa.

Wiki iliyopita ajenti alimpigia dada simu tena. Kandarasi mpya, nchi nyingine ya Ghuba, mshahara umeongezwa kidogo. Karatasi alizokuwa akifuatilia mjini ni za hiyo safari, sikuwa nimemwuliza. Mtoto wake anaingia kidato cha kwanza mwakani, na hakuna filamu inayolipa karo. Tulikaa kwenye ngazi za ploti, stima zimepotea. Nilifikiri atataka niseme usiende, na nilikuwa na hotuba tayari, ndefu kama za Faat Kiné.

Aliniuliza kama najua ni pesa ngapi mtu anahitaji kuanzisha kibanda cha kuuza mitungi ya gesi.

Sikujua. Nikamwambia nitaulizia kesho asubuhi, na nikaulizia.