NYUMBA YA WAZEE WETU

Masomo: Marko 7:9-13, Ruthu 4:13-17, Matendo ya Mitume 6:1-7



Leo nataka kusema juu ya jambo linalotutia haya. Katika mji wetu wa Lubumbashi, mzazi anaweza kuzaa watoto nane, kuwasomesha wote, kisha katika uzee akose mtu wa kumchotea maji.

Wakati wa mvua tulikuta mama mmoja mzee amelala kwenye baraza la kanisa. Mjukuu wake alikufa kwa homa, na mtu anayejiita nabii aliwaambia watoto wake kwamba mama ndiye aliyemroga. Wakamtoa nje usiku, na kitenge kimoja na sahani moja. Mama huyu ameimba nasi katika kwaya zaidi ya miaka 20. Na sisi tulifanya nini? Tuliomba, tukampa unga na sabuni. Halafu wengine kati yetu wakaanza kuulizana polepole: labda kuna kitu? Na mimi, mhubiri wenu, nilinyamaza. Dhambi hiyo naiungama leo mbele yenu.

Tusikie Neno. Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa sababu walitaja mali yao kuwa Korbani, sadaka ya Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Ndugu, Korbani iko hata leo. Mtu anatoa sadaka kubwa siku ya Bwana, tunampigia makofi, na baba yake kule Katuba analala na njaa. Mungu hapokei sadaka iliyoondolewa katika sahani ya mzazi.

Wengine wanasema: mzee akiishi sana, anakula miaka ya watoto. Uongo! Tazama Naomi. Alizika mume, akazika wana wawili. Kama angekaa katika kartie zetu, nani asingesema kwamba yeye ndiye aliyewala? Lakini Mungu aliweka mtoto Obedi kifuani mwake, na katika uzao ule akatoka Daudi. Tazama tena Ana, mjane wa miaka 84: yeye ndiye aliyemtambua mtoto Yesu hekaluni. Mvi si alama ya uchawi.

Tukumbuke pia Papa Simon Kimbangu. Alifungwa mwaka 1921, akakaa miaka 30 katika gereza la mji huu, ulipoitwa Elisabethville, mbali na mke na watoto, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi tunaomheshimu nabii aliyezeeka kati ya wageni, tutawaachaje wazee wetu kuwa wageni kwa watoto wao?

Wazee wengi wa hapa walifanya kazi ya Union Minière, iliyokuja kuwa Gécamines baada ya mwaka 1967. Kulikuwa nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Watu wakasema: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Lakini miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango mmoja. Baba yule na mama yule hawako tena. Katiba ya mwaka 2006, kifungu 49, inasema mzee ana haki ya kulindwa. Ni vizuri. Lakini katiba haipiki bukari.

Basi tufanye kama mitume. Wajane waliposahauliwa katika ugawaji wa chakula, mitume hawakuishia kwenye maombi. Walichagua watu saba, wakawapa kazi. Kwa hiyo, kila siku ya tatu, sala ya asubuhi ikiisha, sala yetu itakuwa nyumba ya wazee, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu:

1. Wamama watapika bukari na mboga. Kila familia ilete kopo moja la unga.

2. Wauguzi wetu watapima tansio na sukari. Mwenye hatari atapelekwa hospitali, hataachwa kwa maombi peke yake.

3. Vijana waliosoma watapanga karatasi za pensio, na watasimama mstarini pamoja na mzee kule CNSS, ile tuliyozoea kuita INSS.

4. Wazee nao watatufundisha kushona, kusuka mikeka, na nyimbo tulizosahau. Hawaji kama waombaji. Wanakuja kama wazazi.

5. Hakuna mtu atakayesimama katika kanisa hili na kutaja mzee kuwa mchawi, hata akisema ameonyeshwa katika ndoto. Roho Mtakatifu hatoi mama nje usiku.

Yule mama sasa anakaa kwa shemasi mmoja. Siku ya Bwana iliyopita mwana wake wa kwanza alifika mpaka mlangoni, akamtazama mama yake, akarudi. Tusimcheke, tusimtukane. Tumwombee siku moja aingie.

Mapendo, Amri na Kazi. Bwana atupe kuyatenda, na siku yetu ya uzee ikifika, tukute mlango wazi. Amina.