Mkataba Huisha, Haki Haiishi

Kila mwaka, majira ya joto yanapokaribia kwisha huko Ulaya, klabu za Ujerumani za mpira wa wavu wa wanawake hufungua majumba yao ya michezo na kuanza matayarisho. Ligi yenyewe huanza karibu na mwezi wa Oktoba. Lakini majuma mengi kabla yake wachezaji wamekwisha kuwasili Stuttgart, Schwerin, Dresden, Münster na miji mingine, baadhi yao wakitoka nchi za mbali, kila mmoja na mzigo wake na mkataba wake. Daktari huwapima moyo, magoti na mabega. Mwalimu huwakimbiza, huwainulisha vyuma, na kuwarusha tena na tena mbele ya wavu wenye kimo cha mita 2.24. Magazeti ya kule hutangaza nani amesajiliwa, nani ameondoka, na nani angali akiuguza goti.

Habari za namna hii zaweza kuonekana kuwa ni za kupitisha wakati tu. Sisi twaona ndani yake swali zito, ambalo lamhusu kila mtu anayekula kwa jasho lake. Mtu akikodi nguvu za mwenzake kwa muda, je, anadaiwa kitu gani zaidi ya ujira waliopatana? Na ule muda ukiisha, je, deni nalo limekwisha?

Tutazame kwanza mashaka ya wachezaji hao. Mikataba yao mingi ni ya msimu 1 au 2. Binti aliye na miaka 24 hajui kama mwakani atakuwa katika mji huu, au katika nchi nyingine, au hana timu kabisa. Katika michezo ya kuruka na kugeuka kwa ghafula, kano za goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Na zikikatika, kupona huchukua miezi 6 hadi 9, au hata zaidi. Basi aumiaye katika matayarisho ya Agosti huenda akawa amepoteza msimu wote, na mkataba wake ukafika ukingoni kabla hajarudi uwanjani. Walio hodari kupita wengine wana shaka nyingine: hawapati kupumzika. Mwaka 2025 mashindano ya dunia yalichezwa huko Thailand kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 7 Septemba, na tangu mwaka huo yamepangwa kufanyika kila baada ya miaka 2, si 4 kama zamani. Mchezaji wa taifa hutoka huko moja kwa moja na kuingia katika kazi ya klabu yake.

Haki yadai tuseme pia ya kwamba Ujerumani si nchi isiyo na sheria. Mchezaji wa kulipwa huko yumo katika bima ya ajali za kazini, sawasawa na seremala au mwashi. Mwanamke mjamzito aliyeajiriwa hulindwa asifukuzwe, na hupewa majuma 6 ya kupumzika kabla ya kujifungua na 8 baada yake. Ni sheria njema, nasi twazisifu. Walakini mkataba wenye tarehe ya mwisho huisha siku ile ile iliyoandikwa, awe mama ana mimba au hana, awe goti lake limepona au halijapona. Mwezi wa Januari 2018 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo, iliyoko Erfurt, iliamua katika shauri la mlinda mlango mmoja wa mpira wa miguu ya kwamba kuwapa wachezaji mikataba ya muda ni halali, kwa kuwa ubora unaotakiwa katika michezo hiyo hauwezi kutolewa ila kwa kipindi fulani tu cha maisha.

Hatubishani na majaji. Ni kweli ya kwamba hakuna arukaye mbele ya wavu akiwa na miaka 60. Lakini tuangalie vema: lenye kikomo ni nguvu za kuruka, wala si mtu mwenyewe. Klabu imekodi mkono wenye kupiga mpira. Aliyeshuka garini ni binadamu mzima, mwenye roho, mwenye wazazi, mwenye kesho yake. Mkono hauji peke yake.

Wako watakaosema: "Hakuna aliyemlazimisha. Alisoma mkataba, akatia sahihi, akapokea fedha. Wengi wangependa kuwa mahali pake." Neno hili si geni, ndilo waliloambiwa vibarua wa viwandani katika karne ya 19. Papa Leo XIII alilijibu mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum. Alifundisha ya kwamba kukubaliana tu hakutoshi kuufanya mkataba kuwa wa haki, kwa maana iko haki ya asili iliyo ya kale na ya juu kuliko mapatano ya watu wawili. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alionyesha ya kwamba kazi imewekwa kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuwekwa kwa ajili ya kazi. Ikiwa ni hivyo kwa mchimba makaa na mshona nguo, mbona isiwe hivyo kwa yeye ambaye mwili wake ndio chombo chake cha kazi?

Liko pingamizi la pili, nalo lina uzito zaidi. Klabu hizi si tajiri. Haziogelei katika fedha kama zile za mpira wa miguu. Nyingi huishi kwa hisani ya wafadhili wa mji wao, na mfadhili akiondoka, timu hutikisika. Hamburg ilipoteza timu yake katika ligi ya kwanza mwaka 2016, kampuni ya shaba iliyokuwa mfadhili wake mkuu ilipojitoa. Vilsbiburg, mji mdogo wa Bavaria wenye kanisa la hija la Bikira Maria Msaada, ulitwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 2008 na 2010. Mwaka 2024 nao uliiaga ligi ya kwanza kwa sababu ya fedha. Tena mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ulikatiza ligi yote, wala bingwa hakutangazwa. Je, twawezaje kumdai asiye nacho?

Twajibu: hatumdai mtu kile asichonacho. Twamdai kile ambacho hata maskini anacho, yaani ukweli na moyo wa kujali. Klabu isiyo na hakika ya fedha yaweza kumwambia binti hivyo kabla hajaiacha nyumba ya wazazi wake, wala si mwezi wa Desemba mshahara ukiwa umechelewa. Klabu isiyoweza kumwongezea mkataba majeruhi yaweza kuhakikisha ya kwamba amekabidhiwa kwa daktari mwema, na ya kwamba hatolewi katika chumba chake kama chombo kilichovunjika. Wazee wetu walinena: ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Basi yule aliyetoka ng'ambo ya bahari, akavunjika guu akiitumikia timu ya mji wa kigeni, zizi lake ni lipi? Kwa muda ule zizi lake ni klabu ile. Yatosha aibu kwa wenye zizi kumfungia mlango.

Tena nchi hiyo hiyo yatupa mfano wa kutisha wa deni lisilokufa. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na timu hodari ya wanawake: ilipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 1983 na tena 1987. Baadaye ulimwengu ulijua ya kwamba dola ile iliwapa wanamichezo wake, hata watoto, dawa za kuongeza nguvu kwa siri na kwa mpango wa serikali. Katharina Bullin, mmoja wa wachezaji wa ile timu ya 1980, amesimulia hadharani madhara ambayo dawa hizo ziliuachia mwili wake. Mwezi wa Julai 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa dola hiyo, kwa kushiriki katika kuwadhuru wanamichezo wanawake. Mwaka 2002, na tena mwaka 2016, Ujerumani iliyoungana ilitunga sheria za kuwasaidia walioathirika. Tafakarini jambo hili. Dola iliyofanya uovu ilikwisha mwaka 1990. Bendera yake ilishushwa. Medali zimewekwa makabatini. Lakini miili ingali inaumwa, na deni lilipaswa kulipwa na wengine.

La hasha, hatusemi ya kwamba klabu za leo zafanana na dola ile. Twasema tu ya kwamba chanzo cha uovu ule kilikuwa wazo moja, nalo laweza kuota hata katika shamba la watu wema: wazo la kuuona mwili wa mtu kama mali ya ushindi. Mwalimu amwambiaye binti acheze na goti lililovimba kwa kuwa mchezo wa leo ni mkubwa, amekwisha kulipokea wazo hilo, ijapokuwa hakumpa dawa yoyote. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, watu waliojua michezo, kwa maana mashindano mashuhuri ya Isthmia yalifanyika karibu na mji wao. Naye aliwafundisha ya kwamba mwili ni mahali patakatifu. Hekalu halikodishwi ili libomolewe.

Wachezaji nao wana wajibu. Apokeaye ujira sharti afanye kazi kwa moyo, aje katika matayarisho akiwa amejitunza, asifiche ugonjwa wake ili apate sahihi, wala asivunje ahadi kwa kuvutwa na fedha zaidi. Haki ni daraja yenye nguzo pande zote mbili.

Na sisi tulio mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika mashindano yale ya 2025 Ujerumani ilipangwa kundi moja na majirani zetu wa Kenya, na mabinti wa Kenya wamekwisha kucheza kwa ujira katika klabu za Ulaya. Hapana ajabu ikiwa kesho mjumbe atabisha hodi katika nyumba ya mmoja wetu, akiwa na karatasi mkononi na maneno matamu kinywani. Wazazi, siku hiyo msiulize mshahara tu. Ulizeni: akiumia, nani atamtibu, na hadi lini? Akitaka kusoma, atapewa nafasi? Akiolewa na kupata mtoto, atatazamwa kama mama au kama hasara? Siku ya Jumapili ataweza kusali? Ajibuye maswali haya kwa hasira amekwisha kuyajibu.

Wala tusingoje mjumbe wa Ulaya. Shuleni petu pia wako wasichana waruhusiwao kuacha masomo ili shule ipate kikombe, kisha husahauliwa kikombe kikishawekwa kabatini. Nyumbani petu wako watumishi wa kazi ambao nguvu zao twazikodi mwezi kwa mwezi, nao wakiugua twawapa nauli ya kurudi kwao. Kabla ya kuzihukumu klabu za Wajerumani, na tuitazame zizi yetu wenyewe, tuone ni nani aliyevunjika guu akiwa kwetu, na tumempokeaje.