Chupa Halali, Mnywaji Bandia

Jumamosi moja alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu, Nakuru, alirudi kutoka msibani akamkuta mwanawe wa kidato cha tatu amelala chali sebuleni, shati limelowa matapishi. Mezani palikuwa na chupa ya vodka, robo lita, imebaki tone.

Majirani tuliojaa pale tulishuku pombe ya sumu. Shemeji wa mama huyo akatoa simu, akafungua Soma Label, ile programu ya Mamlaka ya Mapato, akaelekeza kamera kwenye stempu ya ushuru. Stempu halali. Chupa haikuwa na kosa lolote. Bandia alikuwa mnywaji.

Ujumbe wa M-Pesa ukamaliza hadithi. Kijana aliagiza mtandaoni kwa simu ambayo mama aliiacha nyumbani. Aliulizwa kama ametimiza miaka 18, akabonyeza "Ndiyo". Nambari ya siri haikumsumbua: ilikuwa mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Bodaboda akapiga honi langoni, akakabidhi mfuko, akageuza pikipiki bila hata kuvua helmeti.

Sheria ya vileo ya 2010, tunayoiita ya Mututho, ilijitahidi. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Chupa isipungue mililita 250, isije ikafichwa kwenye soksi ya mwanafunzi. Baa ikae mita 300 kutoka shuleni. Simu imezimeza mita zote hizo. Mwaka 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri upandishwe hadi 21 na pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa majumbani. Sawa, ila kitufe cha "Ndiyo" hakijui 18 wala 21.

Mama alitaka bodaboda akamatwe. Nilimwambia, dada, huyo analipwa kwa kasi, halipwi kukagua nyuso. Mwenye leseni ya kuuza pombe ndiye wa kubanwa: mzigo usitoke mkononi mpaka kitambulisho kionyeshwe mlangoni na nambari yake iingizwe kwenye simu ya msafirishaji. Kijana wa miaka 16 hana kitambulisho cha kuonyesha.

Siku hizi nambari ya siri imebadilishwa, na kijana amerudi shuleni akiwa mkimya kidogo. Juzi nikinywa chai pale, simu ikalia. Mama akausoma ujumbe kwa sauti: duka lilelile lilikuwa linamshukuru kwa uaminifu wake, na kumpa punguzo la wikendi.